Masikio ya mzee, masikio ya mtoto: kipimo kipi ni cha nani, na kitakujibu swali gani

Tangu turudi na karatasi ya vipimo vya baba, hapa Langoni, Lamu, haipiti wiki bila mtu kunisimamisha njiani, "hebu nambie, mama tumpeleke wapi akapimwe masikio", na mimi sijibu wapi kwanza, namuuliza wataka kujua nini. Manake sisi twasema kupima masikio kana kwamba ni kitu kimoja, kama presha vile, unafungwa mkono, unapewa namba, unaenda zako. Sivyo. Kuna vipimo kadhaa na vyote vinaitwa kupima masikio, ila kila kimoja kina swali lake, na ukimpeleka mtu kwa kipimo kisicho chake utarudi na jibu la kweli lakini si la swali ulilokuwa nalo. Na kwetu hilo ni ghali jamani, kutoka kisiwani ni boti mpaka Mokowe halafu basi, Malindi peke yake ni zaidi ya kilomita 200, Mombasa ongeza zingine kama 120, na hapo umebeba mzee au mtoto mchanga na mtu wa kumshika. Kwaiyo nimekaa nikaandika vile ninavyovilinganisha mimi baada ya kumzungusha baba mwaka mzima, na mtoto wa dada yangu muda zaidi ya huo. Mimi si daktari, haya ni niliyoyaona na niliyoelezwa na waliopima, nikauliza tena na tena mpaka yakaniingia.

Kabla ya mashine yoyote, mtu atazame ndani ya sikio na kile kitochi. Dakika moja tu. Kama sikio limejaa nta, au ngoma imetoboka, au kuna usaha, hata ungempima kwa mashine ya bei gani jibu litakuwa limechafuka. Hii hata kituo kidogo cha afya wanaweza, huhitaji kuvuka maji kwa hilo. Na pamba za vijiti wekeni chini, zile zasukuma nta ndani zaidi, na mafuta ya simsim ya moto au kitunguu saumu msitie kabisa kama hamjui ngoma iko nzima au la.

Kumnong'oneza mgongoni au apu ya simu?

Zote mbili bure. Ya kunong'ona wafanya hivi: simama nyuma ya mtu umbali wa mkono mmoja ulionyooka, asikuone midomo, aziba sikio lile jingine kwa kidole huku analisugua, we pumua nje kwanza ndo unong'one namba tatu au namba na herufi zikichanganywa, arudie. Akikosa, mpe tatu nyingine. Akipata nusu ya zile sita kwenda juu basi sikio hilo si baya sana kwa ukimya. Kupumua nje kwanza watu hukuona kama mchezo lakini ndo kunafanya mnong'ono wako uwe sawa kila mara, vinginevyo kwa mama unanong'ona na kwa baba unapiga kelele bila kujijua.

Apu nzuri ya bure ninayoijua ni hearWHO, imetolewa na shirika la afya duniani mwaka 2019. Unavaa iyafoni, unaskia namba tatu zikisomwa ndani ya kelele kama ya mawimbi, unabonyeza ulizoskia, kelele inazidi au inapungua kulingana na unavyojibu. Tofauti ndo hapo: mnong'ono unapima ukimya, apu inapima uwezo wa kupambanua maneno kwenye kelele, na hicho cha pili ndo mtu huanza kukipoteza mapema, ile ya harusini au kwa maulidi unaona mtu aitikia tu kwa kichwa na hajui ameambiwa nini.

Kwa kijana wa boti, wa kiwanda cha barafu, fundi wa jenereta, mimi namwambia atumie apu, aifanye kila baada ya miezi michache ajilinganishe na yeye mwenyewe. Mzee ambaye hajawahi kuvaa iyafoni, na namba zikisomwa kwa Kizungu anazikosa kwa sababu ya Kizungu si kwa sababu ya sikio, huyo mnong'oneze. Lakini jueni apu ina upofu wake: kwa kuwa wajiongezea sauti mwenyewe mwanzoni, mtu aliyeziba nta au mwenye maji nyuma ya ngoma anaweza kupata alama nzuri tu. Na zote mbili haziwezi kukwambia kwa nini haskii.

Kambi ya bure au kipimo kamili cha hospitali?

Kila tarehe 3 Machi ni siku ya kusikia duniani, na karibu na hapo ndo kambi nyingi za bure huja. Mimi nazipenda na nawahimiza watu waende. Lakini jueni mnachopewa. Kwa kambi hawatafuti umeskia mpaka wapi, wanacheza milio michache, kawaida ya hezi (Hz) 1000, 2000 na 4000, namba ikiwa kubwa mlio ni mwembamba zaidi, kwa sauti moja iliyopangwa, umeskia hujaskia, basi. Jibu ni mawili tu, umepita au uende ukapimwe zaidi. Na kwa hema nje kuna upepo, boti zinanguruma, punda analia, kwaiyo unaweza kufeli kwa ajili ya punda.

Baba alifeli masikio yote mawili. Tukarudi nyumbani tukalia msiba kabisa, mama anasema ndo basi amekuwa kiziwi. Kumbe ile "amefeli" haikuwa na maana yoyote zaidi ya "endeleeni". Laiti mtu angetwambia hivyo palepale, ingetuokoa miezi minne ya kukaa tu.

Kipimo kamili, odiometri, ni kingine. Hapo unaingia chumba kisichopitisha sauti, wanatafuta kwa kila mlio, kuanzia mnene wa 250 mpaka mwembamba wa 8000, ni sauti ndogo kiasi gani ndo unaanza kuiskia. Wanashusha kwa desibeli 10 (desibeli ndo kipimo cha ukubwa wa sauti) ukiskia, wanapandisha kwa 5 ukikosa, mpaka wanakunasa. Kila sikio peke yake.

Baba yangu amekaa nyuma ya mashine ya boti zaidi ya miaka 30. Kile chumba ni kama sanduku, kuta sponji, mlango mzito kama wa friza, akafungiwa ndani akaniangalia kwa kidirisha cha kioo kama mtu anayesafirishwa. Hedifoni nyekundu kulia, buluu kushoto, kitufe mkononi. "Baba, ukiskia mlio, hata mdogo vipi, hata ukidhania tu, bonyeza." Kwenye mashine kulikuwa na taa mbili, ya kwanza inawaka mama wa kipimo akipeleka mlio, ya pili inawaka baba akibonyeza. Mwanzo zinafuatana vizuri, tik, tik. Alipofika milio myembamba, ya kwanza ikawaka, ikazima, ikawaka, ikazima, ikawaka, na ya pili imelala. Baba ndani ametulia, gumba lake lenye kovu la mshipi liko juu ya kitufe, anasubiri kwa adabu mlio ambao umeshampita mara tano. Nilimtazama pale na nikafahamu miaka yote ile niliyodhani ananipuuza.

Kitu kimoja kwa jamaa wa bahari: msipimwe siku mliyotoka kazini. Sikio lililotoka kwenye kelele huchoka kwa muda halafu hurudi, kwaiyo likae kimya masaa 14 hadi 16 kabla ya kipimo, la sivyo mtaandikiwa uziwi ambao kesho ungekuwa umepungua. Mashine ya boti ukikaa nayo karibu hupita desibeli 85 kirahisi, na 85 ndo kiwango ambacho masaa 8 kwa siku yanaanza kula sikio.

Hewa peke yake au hewa na mfupa?

Hapa ndo nataka mnisikilize zaidi, na kama mtasahau yote msisahau hili. Hedifoni, ndo hiyo ya hewa, inapima njia yote, kutoka tundu la sikio, ngoma, vile vijifupa vitatu, mpaka koklea, kile kikonokono cha ndani kinachopokea sauti, na mshipa unaoipeleka ubongoni. Ukifeli, sehemu yoyote ya njia hiyo yaweza kuwa ndo mbovu. Kipimo cha mfupa ni kidude kidogo kama kibiriti chenye ukanda wa chuma, kinabanwa nyuma ya sikio, kinatikisa mfupa na sauti inaruka ngoma na vijifupa inaingia koklea moja kwa moja. Ukilinganisha mistari miwili kwenye picha ya majibu, wa hewa na wa mfupa, ndo unajua shida iko wapi. Kama mfupa unaskia vizuri na hewa haiskii, yaani mistari imeachana kwa zaidi ya 10, shida iko mbele, nta, maji, ngoma iliyotoboka, vijifupa, na mengi ya hayo yana matibabu. Kama yote miwili imeshuka pamoja, ni koklea au mshipa, na hapo, ukitoa lile la ghafla nitakalolisema mwisho, dawa ya kurudisha haipo, mnazungumza mashine ya kuvaa masikioni.

Baba alikuwa na yote mawili mtu mmoja! Sikio la kulia: kwenye 500 ameskia kwa desibeli 20 (namba ndogo ndo nzuri), kwenye 1000 kwa 25, kwenye 2000 kwa 45, kwenye 4000 kwa 70, na mfupa umefuata hivyohivyo. Hiyo ni kelele na umri. Ukijumlisha zile nne ukagawa kwa nne unapata 40, na kwa mpangilio wa shirika la afya duniani wa 2021 chini ya 20 ni kawaida, 20 mpaka 35 ni kidogo, 35 mpaka 50 ni wastani, 50 mpaka 65 wastani uliozidi, 65 mpaka 80 mkubwa, 80 mpaka 95 mkubwa mno. Kwaiyo yeye wastani. Lakini namba hiyo moja inaficha, manake ukiitazama picha, sauti nene anaziskia karibu kama mimi, zilizokufa ni nyembamba, na humo ndo zimo s, f, t, k, sh. Ndo maana kila siku asema "sauti naiskia, maneno siyafahamu". Mama amwambia lete taa, aleta saa. Sisi tulidhani ni uzee wa akili.

Sikio la kushoto ni kisa kingine. Hewa iko 50 na mfupa uko 20 kwenye 500 na 1000. Tundu la ngoma, la tangu utotoni, alikuwa akitoka usaha na kuzibwa pamba na kupelekwa kuogelea vilevile. Hilo ni la daktari wa masikio, pua na koo, laweza kukaushwa na pengine kuzibwa kwa upasuaji. Sasa fikirini, kambi iliandika "amefeli, amefeli". Neno moja, masikio mawili, njia mbili za matibabu zisizofanana hata kidogo.

Na katikati hapo, kabla hatujafika kwa huyu mama wa kipimo cha mfupa, tulipita mahali (sitapataja) panapouza mashine za masikio, wanapima bure. Walimpima hewa tu, kwa ofisi ya kawaida feni inazunguka, hawakutazama ndani ya sikio, wakataka kutuuzia mashine mbili siku hiyohiyo. Baba masikio yake yalikuwa yamejaa nta wakati ule, ilitolewa baadaye hospitali. Tungenunua, tungekuwa tumepanga mashine kwa nta, na mashine ya kuziba kwenye sikio la usaha. Sisemi kila muuzaji yuko hivyo, wako wenye chumba kizuri na mtu aliyesoma, lakini muulizeni swali moja tu: mnapima na mfupa? Akisita, shukuruni mwondoke.

Mkiwa huko kuna na kipimo cha shinikizo, timpanometri, kinaziba tundu la sikio kwa mpira, kinasukuma hewa kidogo, kinaangalia ngoma inavyocheza. Hakipimi kuskia. Mlima mzuri ni sawa, mstari uliolala ni maji nyuma ya ngoma au ngoma imetoboka, basi. Kwa watoto wenye mafua yasiyoisha ni kizuri sana na hakiumi. Na vijana wa Kizingitini wanaozamia kamba, mkizama na mafua mkaskia sikio limepasuka kwa uchungu, hiki ndo chenu, pamoja na kile kitochi.

Kipimo cha maneno pia kipo, unarudia maneno unayosomewa. Ombeni yasomwe kwa Kiswahili. Baba alianza kusomewa ya Kizungu akapata mabaya, akabadilishiwa akapata ya maana.

Mtoto mchanga: kipimo cha koklea au cha mshipa?

Mtoto hawezi kubonyeza kitufe, kwaiyo mashine ndo inamsemea, na kuna mbili ambazo watu huzichanganya, hata baadhi ya wahudumu huzichanganya.

Ya kwanza, OAE, wanaingiza kijimpira sikioni, kinatoa mlio mdogo halafu kinasikiliza mwangwi. Ndiyo, koklea nzima hujibu, vile vinywele vyake vya nje hutoa sauti ndogo sana, David Kemp ndo aliyeonyesha hivyo kule London mwaka 1978. Dakika chache, mtoto atulie tu, mashine ni ndogo ya kushika mkononi, na ndo rahisi kuikuta. Ikitofanyika vizuri siku ya kwanza ya kuzaliwa msitishike, bado kuna maji ya uzazi sikioni, irudiweni baada ya siku moja mbili au zaidi.

Ya pili, ABR, wanabandika waya kipaji na nyuma ya masikio, sauti inachezwa, mashine inafuata umeme unavyopanda kwenye mshipa mpaka shina la ubongo. Hii iko ya haraka ya kuchuja, inatoa jibu la amepita au la, na iko kamili, inayotafuta kiwango. Mtoto lazima alale fofofo. Ile kamili inachukua saa na zaidi, na si kila mahali utaikuta.

Tofauti yake ni hii: OAE inakwambia koklea inafanya kazi. Haikwambii kama sauti imefika ubongoni.

Mpwa wangu alizaliwa na manjano, makali, akalazwa, akabadilishwa damu. Alipofika miezi miwili akapimwa OAE, amepita masikio yote. Dada akafurahi, akaweka ile karatasi kwa albamu. Miezi minane, adhana inapigwa msikiti uko hapo ukutani, mtoto hageuki. Punda analia chini ya dirisha, hageuki. Mlango unagongwa na upepo anashtuka siku moja, siku ya pili hashtuki, na hilo la kuskia leo kesho haskii likawachanganya watu wakasema yuwaskia ila ni mpole tu. Dada akirudi kuuliza anaambiwa si alipita. Kituo kile sikitaji, na sidhani walikuwa na ubaya, walikuwa na mashine moja na wakaiamini. Lakini manjano makali hayaharibu vinywele vya koklea kwanza, yanaharibu mshipa na njia ya kwenda ubongoni, kwaiyo OAE itapita na mtoto haskii vizuri. Mtoto yeyote aliyepata manjano ya kubadilishwa damu, au aliyelazwa chumba cha watoto mahututi zaidi ya siku 5, huyo ni wa ABR tangu mwanzo, OAE isiwe peke yake. Haya yameandikwa kwa miongozo ya kimataifa, si maneno yangu.

ABR yenyewe tuliifuata Mombasa mara mbili. Mara ya kwanza dada amelala kwa halati yetu Malindi, akapanda matatu alfajiri, mtoto akalala njia nzima, wamefika ameamka anacheka na kila mtu. Hakupimika. Mara ya pili nilikuwepo, tumekaa kwa matatu tunamwamsha, dada anampuliza usoni, mimi namtekenya nyayo, Kilifi analia, Mtwapa analia, abiria wanatutazama vibaya. Tumefika amechoka, akanyonya, akazima kama taa. Yule wa kipimo akamsugua kipaji kwa dawa yenye chembechembe kama mchanga, akabandika vibandiko, akazima simu zetu zote. Kwenye skrini panatakiwa paonekane mawimbi matano yamefuatana, la tano ndo kubwa, na yote ndani ya milisekunde 10. Palikuwa na vimawimbi vidogo mwanzo tu, halafu mstari mtupu. Akageuza mlio upande wa pili na vile vimawimbi vikageuka kichwa chini pamoja nao. Hapo akanyamaza, akarudia, ndo akatwambia: hiyo inayogeuka ni koklea, inajibu, kinachokosekana ni mshipa kubeba habari.

Na hata ABR ina mpaka wake, kwa watoto wa aina hii haikwambii wanaskia kiasi gani, mstari mtupu haumaanishi kiziwi kabisa. Kiwango kitajulikana akikua kidogo apimwe kwa kugeuka na kwa michezo. Sasa hivi dada ameanza kujifunza lugha ya ishara, na mtoto amemwigiza "maziwa" kwa kukamua ngumi. Hatukusubiri.

Muda wenyewe unaolengwa duniani ni mtoto achujwe kabla ya mwezi 1, ajulikane shida kabla ya miezi 3, aanze kusaidiwa kabla ya miezi 6. Sisi tumechelewa, lakini wewe mwenye mtoto mchanga leo hujachelewa. Na aliyetoka kuugua homa ya uti wa mgongo asingojewe apate nguvu kwanza, apimwe haraka iwezekanavyo, manake koklea yaweza kujaa mfupa ndani ya wiki chache na hapo hata kupandikiza mashine ya kusikia ndani ya koklea kunakuwa kugumu. Waliochomwa sindano za jentamaisini kwa siku nyingi pia wapimwe, na wa TB sugu waliotumia sindano za zamani, manake dawa hizo zaweza kula sikio.

Mtoto wa miezi sita mpaka miaka miwili na nusu hivi hupimwa kwa kugeuka, sauti inatoka upande, akigeuka anaonyeshwa mdoli unaowaka. Wa miaka mitatu minne anapewa mchezo, akiskia atie kete kwa ndoo. Kama wa shule au karibu na shule, vituo vya tathmini vya wizara ya elimu, watu waviita EARC, vipo tangu 1984 na vinaangalia na masomo yake yataendaje. Mimi ningeenda huko na hospitali, si kimoja.

Sasa wapi?

Lamu tuna King Fahd, Malindi kuna hospitali ya kaunti ndogo, Kilifi ile ya kaunti, Mombasa Coast General na za binafsi. Kutazamwa ndani, kutolewa nta, usaha kutibiwa, anza karibu na nyumbani, uombe barua ya rufaa. Kwa odiometri na ABR usipande boti kabla ya kupiga simu, manake mashine huharibika, mtu mwenye ujuzi huenda likizo. Ukipiga usiulize "mwapima masikio?", watakwambia ndiyo. Uliza: kuna chumba kisichopitisha sauti, na mashine inafanya kazi wiki hii? Mwapima hewa na mfupa? Mtoto wa umri huu mwampima kwa OAE au ABR, na ABR ni ya kuchuja au kamili? Yule anayepima yupo siku gani? SHA, bima ya afya ya serikali, italipa kipimo hiki au natoa mfukoni? Na ukimaliza usitoke na mdomo mtupu, dai ile picha yenye mistari, duara nyekundu kulia, msalaba wa buluu kushoto, ipige picha kwa simu palepale. Ya baba imeshatazamwa na madaktari watatu na hakuna aliyemrudisha kwenye sanduku lile.

Mmoja tu ndo asikae kulinganisha haya, yule aliyeamka asubuhi sikio moja limekufa ghafla. Huyo afunge mdomo avume "mmmm". Akiskia mvumo umehamia sikio bovu, yaelekea ni kuziba, nta au maji. Ukihamia lile sikio jingine zima, yaelekea ni mshipa, na hiyo ni dharura, kuna dawa za steroidi ambazo husaidia zaidi zikianzwa siku za kwanza, wiki mbili zikipita nafasi inapungua sana. Hospitali yenye ule uma wa chuma unaolia, wa 512, wanaweza kuhakikisha jambo hilohilo kwa dakika mbili wakaanza dawa, odiometri ifuate baadaye. Asingojee miadi ya Mombasa, aende iliyo karibu leo, aseme wazi "sikio limekufa ghafla tangu leo asubuhi", asiseme limeziba.